Spirou amepita mikono mingi, na hakuna anayeweza kusema "ndivyo alivyochorwa siku zote"

Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2024, nyumba ya uchapishaji ya Dupuis, huko Ubelgiji, iliondoa madukani kitabu chake yenyewe. Kitabu hicho kinaitwa Spirou et la Gorgone bleue. Kimeandikwa na Yann, kikachorwa na Dany, mzee mwenye miaka zaidi ya 80, na kilikuwa kimetoka mwezi wa tisa 2023. Sababu ya kukiondoa ni namna watu weusi walivyochorwa ndani yake: midomo iliyovimba kupita kiasi, sura ambazo wasomaji wengi waliona zinafananisha mtu na nyani. Zaidi ya mwaka mzima kitabu kiliuzwa na maisha yakaendelea. Kisha watu wakaanza kupiga picha kurasa zake na kuzitupa kwenye mitandao, kelele zikapanda, na Dupuis ikaomba msamaha.

Kwa msikilizaji wa Goma, Bukavu au Uvira, hasa yule anayelala kwenye nyumba ya jamaa kwa sababu kijiji chake kimekuwa uwanja wa vita, habari hii inaweza kuonekana ni ya Wazungu na vitabu vyao. Watu wana shida ya unga, na hapa kunazungumzwa bande dessinée. Lakini ndani ya ugomvi huu kuna swali linalomgusa hata yule mama aliye kwenye mstari wa kuandikisha majina: nani ana haki ya kumchora mtu, na akimchora vibaya anajitetea kwa neno gani?

Waliokitetea kitabu walikuwa na neno moja walilolirudia: desturi. Walisema huu ni mtindo wa zamani, ni heshima kwa wachoraji wakubwa wa Ubelgiji, Waafrika wamechorwa hivyo tangu mwanzo katika vitabu vya aina hii. Neno hilo lingekuwa na nguvu kidogo kama Spirou angekuwa mali ya mtu mmoja na ana sura moja. Sivyo. Katika vitabu vyote vya Kifaransa ambavyo wazazi wa Kongo walivisoma shuleni au walivikuta kwa mapadri, ni vigumu kupata shujaa aliyebadilishwa mikono kama huyu.

Alizaliwa tarehe 21 mwezi wa nne 1938, katika namba ya kwanza ya gazeti la watoto lililobeba jina lake, lililotolewa na Dupuis kutoka Marcinelle, karibu na Charleroi. Jina spirou ni la lugha ya Kiwalloni na maana yake ni kindi, au mtoto mchangamfu asiyetulia. Aliyemchora kwanza ni Mfaransa, Robert Velter, aliyetia sahihi kwa jina la Rob-Vel. Katika ukurasa wa kwanza kabisa, hoteli inatafuta mtumishi mdogo wa kubeba mizigo, mchoraji anaitwa, anachora kijana kwenye kitambaa, anamnyunyizia pombe kali, na kijana anaruka nje ya picha akiwa na nguo nyekundu na kofia. Yaani tangu siku ya kwanza kitabu chenyewe kilikiri kwamba huyu mtoto ametoka kwenye brashi ya mtu.

Hapa kuna jambo ambalo Mkongo hawezi kuliruka. Shujaa wa watoto wa Ubelgiji alikuwa boy wa hoteli. Alivaa yunifomu, alifungua milango, alibeba masanduku, na watoto walimpenda. Miaka hiyo hiyo, huku Kongo, baba mwenye watoto sita aliyefua na kupika kwenye nyumba ya Mzungu naye aliitwa boy, na hakuna gazeti lililompa ukurasa wa kwanza. Yunifomu ni ile ile, kazi inafanana, ila mmoja alikuwa na mchoraji aliyemtazama kwa upendo.

Vita vya 1940 ndivyo vilivyomtoa Spirou kwenye mikono ya baba yake. Rob-Vel alikuwa Ufaransa, barua na kurasa hazikupita vizuri, na Dupuis ikampa kalamu Joseph Gillain, anayejulikana kama Jijé. Mwaka 1943 Dupuis ilinunua kabisa haki za Spirou, na mwaka huo huo Wajerumani wakapiga marufuku gazeti. Jijé ndiye aliyemletea Spirou rafiki, Fantasio, mwandishi wa habari mwenye hasira za haraka na nywele chache. Kisha mwaka 1946 Jijé akamkabidhi kijana mmoja wa miaka 22 hadithi iliyokuwa katikati. Kijana huyo ni André Franquin.

Ukimuuliza Mbelgiji mzee ni Spirou gani wa kweli, atakutajia wa Franquin. Alikaa naye zaidi ya miaka 20. Yule kijana wa hoteli akawa msafiri na mtafiti. Kukazaliwa mzee wa Champignac na uyoga wake, kukazaliwa Zorglub mwenye akili nyingi na busara ndogo, na mwaka 1952 mnyama wa manjano mwenye mkia mrefu usiokwisha, Marsupilami. Mwaka 1953 Franquin alileta pia Seccotine, mwandishi wa habari mwanamke mwenye pikipiki yake, anayemtangulia Fantasio kwenye habari na kumwacha akitoa povu. Msichana wa redio ya kijiji akimsoma leo bado atacheka. Kwa wakati ule ilikuwa kitu cha nadra. Ufaransa ilikuwa na sheria ya 1949 juu ya magazeti ya watoto, na wachapishaji wa Ubelgiji waliouza huko waliogopa kuweka wanawake ndani ya hadithi.

Lakini Franquin huyo huyo, mwenye mkono uliobarikiwa, alipofika Afrika aliteleza. Katika Le gorille a bonne mine, kitabu cha 1959, Spirou na Fantasio wanaenda kwenye nchi ya kubuni kutafuta gorila wa milimani, na kando ya gorila kuna mgodi wa dhahabu uliofichwa. Kichwa chenyewe ni mchezo wa maneno, kwa kuwa mine kwa Kifaransa ni sura na pia ni mgodi. Mtu wa Rutshuru au Walikale akisoma maneno hayo mawili, gorila na dhahabu, anajua bila kuambiwa mchoraji alikuwa anaota upande gani wa dunia. Gorila wamechorwa kwa uchunguzi wa hali ya juu, kila mmoja na tabia yake. Waafrika wanaozunguka mlima hawakupata bahati hiyo. Kuna kingine kinaitwa Tembo Tabou, chenye jina lililokopwa kwenye Kiswahili na tembo waliopakwa rangi nyekundu. Huko nako wanyama wameangaliwa kwa karibu, na watu wameangaliwa kutoka mbali.

Ni haki kusema kwamba Franquin alichora hivyo wakati Kongo ikiwa bado chini ya Ubelgiji. Hiyo inaeleza kwa nini alichora hivyo. Haimpi ruhusa mchoraji wa 2023. Yeyote anayeshika Spirou leo amepokea fimbo baada ya wakimbiaji wengi, na kila mmoja wao alichagua cha kubaki nacho na cha kuacha.

Jean-Claude Fournier, Mbretoni aliyempokea mwaka 1969, hakuwa hata na Marsupilami, kwa sababu Franquin aliondoka naye, kama ndugu anayehama nyumba ya ukoo na kuchukua mbuzi wake. Fournier hakulia sana. Alimpeleka Spirou kwao Bretagne, na katika L'Ankou, mwaka 1977, akamwingiza kwenye ugomvi wa nguvu za nyuklia uliokuwa unawasha watu wa huko. Waliofuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nic na Cauvin, walikaa muda mfupi na hawana mengi ya kusimuliwa.

Kisha wakaja wawili wanaostahili kusimamishwa kwenye mwanga: Tome aliyeandika, na Janry aliyechora. Na huyu Janry, jina lake kamili Jean-Richard Geurts, alizaliwa mwaka 1957 mahali paitwapo Jadotville. Msikilizaji wa Katanga anajua jina la leo la mji huo: Likasi. Mchoraji aliyembeba Spirou hadi mwisho wa miaka ya 1990 alizaliwa kwenye ardhi ya shaba, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, katika familia ya Wabelgiji wa wakati wa koloni. Hiyo haimfanyi Mkongo, na haitoshi kueleza kazi yake. Ila inapendeza kujua.

Mwaka 1993 Tome na Janry walitoa Le rayon noir. Ndani yake kuna mashine inayobadilisha rangi ya ngozi, na Spirou anapigwa na nuru yake na kuwa mweusi. Ni yule yule, kwa akili, kwa sauti na kwa moyo. Lakini watu wa kile kijiji cha Champignac, waliomzoea kwa zaidi ya miaka 40 ya vitabu, sasa wanamwona mgeni, na mgeni wanamwona mwizi. Baadaye nuru hiyo inawapata na wengine, na kijiji kinalazimika kuishi na ngozi ambayo jana kilikuwa kinaiogopa. Ni kitabu cha kuchekesha. Hakikutoka kwenye mkutano wa haki za binadamu, kimejaa mbio na vichekesho kama vingine. Wachoraji hao waliangalia urithi wao, wakaona kasoro ya namna weusi walivyochorwa ndani ya vitabu hivyo hivyo, na wakaitumia kama kioo kwa Wazungu wenyewe. Walifanya hivyo miaka 30 kabla ya Gorgone bleue. Kwa hiyo anayesema mwaka 2023 kwamba hakukuwa na njia nyingine ya kuchora, hajasoma rafu la vitabu vya nyumba yake.

Si kwamba wasomaji walikubali kila kitu walichofanya. Mwaka 1998, katika Machine qui rêve, walimvua Spirou yunifomu, wakamchora kama kijana halisi wa mjini, kwenye giza na woga. Wengine waliona ni kazi kubwa kuliko zote. Wengine walikasirika kama watu walioibiwa. Wawili hao wakaacha hapo hapo, wakabaki na Spirou mdogo wa shule ya msingi, ambaye aliwauzia vitabu vingi.

Baada yao walikuja Morvan na Munuera, waliompeleka hadi Tokyo, kisha Yoann na Vehlmann. Na tangu 2006 Dupuis ilifungua mlango mwingine: kando ya mfululizo wa kawaida, mwandishi au mchoraji anaruhusiwa kufanya Spirou wake mara moja, kwa mtindo wake. Huko ndiko kulikotoka kazi bora kuliko zote za miaka hii, kwa maoni ya makala haya, na pia ndiko kulikotoka Gorgone bleue. Mlango ulikuwa ule ule.

Kazi bora ni ya Émile Bravo. Mwaka 2008 alitoa Le journal d'un ingénu: Spirou bado mtoto, anafanya kazi hotelini Brussels mwaka 1939, hajui siasa, anampenda msichana mtumishi wa vyumba, na vita inakaribia mlangoni. Baadaye, kati ya 2018 na 2022, akaongeza vitabu vinne chini ya jina L'espoir malgré tout, maana yake tumaini pamoja na yote. Hapo Spirou anaishi ndani ya Ubelgiji iliyokaliwa na Wajerumani. Kuna njaa, kuna foleni, kuna majirani wanaouza majirani. Kuna pia mtu wa kweli wa historia, Felix Nussbaum, mchoraji Myahudi aliyekimbia Ujerumani, akaishi Brussels akijificha pamoja na mke wake Felka Platek, wakakamatwa mwaka 1944 na kuuawa Auschwitz. Bravo amemweka ndani ya hadithi kama rafiki wa Spirou. Kwa hiyo ndani ya kitabu cha watoto kuna mkimbizi mwenye jina, mwenye kazi, mwenye hasira, mwenye brashi mkononi.

Familia zilizohama huku Kivu na Ituri zingesoma vitabu hivyo kwa namna yao. Mwezi wa tano 1940, Wabelgiji zaidi ya milioni moja walijaza barabara za kuelekea Ufaransa wakiwa na godoro juu ya baiskeli, mikokoteni, bibi kizee juu ya mzigo. Ukiondoa baiskeli na kuweka chukudu, picha inafanana na barabara ya Sake siku ya mapigano. Wajukuu wa watu hao ndio leo wanaochora Waafrika wakikimbia. Bravo anakumbuka kwamba babu naye alikimbia, na mkono wake unatetemeka kidogo mahali pazuri. Wengine wamesahau.

Haitakuwa haki kumtupa Yann kwenye moto kwa kitabu kimoja. Yeye na mchoraji Olivier Schwartz walitoa mwaka 2014 La femme-léopard, ambamo mwanamke-chui kutoka Kongo anafika Brussels baada ya vita kufuata kitu cha mizimu kilichochukuliwa kwao. Watu wa upande wa Beni na Mambasa wanalijua neno anioto, na wazee hawalitamki kwa kucheka. Huko Ulaya limegeuka pambo tangu sanamu ya mtu-chui ilipowekwa kwenye makumbusho ya Tervuren, ambako Hergé aliiona na kuitia ndani ya Tintin au Congo. Angalau Yann na Schwartz waliuliza kitu kilichoibwa kinafanya nini Brussels. Nusu ya kitabu ni swali zuri, nusu nyingine ni chui wa kuvutia macho.

Na kwa kuwa Tintin ametajwa, tofauti iko hapo. Hergé hakutaka mtu mwingine amchore Tintin baada yake. Alifariki mwezi wa tatu 1983 na mlango ukafungwa. Ni yeye mwenyewe aliyerekebisha kitabu cha Kongo: katika toleo la 1946 lile somo ambamo Tintin aliwaambia watoto wa Kongo juu ya nchi yao Ubelgiji likageuka somo la hesabu. Sura za Wakongo zikabaki. Mwaka 2007 Mkongo mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka kitabu hicho mahakamani Brussels. Mwaka 2012 alishindwa. Tintin amekuwa kama maiti iliyotunzwa ndani ya kioo, unaweza kubishana juu yake lakini hatabadilika. Spirou yuko hai. Mwaka 2022 walithubutu hata kutoa kitabu kiitwacho La mort de Spirou, na bado anatembea. Aliye hai anaweza kukosea, kuambiwa, na kubadilika. Ndiyo maana kuondolewa kwa Gorgone bleue hakustahili machozi yaliyomwagwa huko Paris. Hakuna hakimu aliyeamuru, hakuna kitabu cha zamani kilichochomwa. Mwenye duka alirudisha bidhaa mbovu, tena amechelewa mwaka mzima.

Lililobaki ni gumu zaidi. Katika majina yote yaliyotajwa hapa ya walioshika kalamu ya Spirou, hakuna Mkongo, isipokuwa yule aliyezaliwa Likasi na kuondoka. Na wachoraji wapo. Kinshasa ilikuwa na gazeti lake la Jeunes pour Jeunes tangu 1968, na Apolosa wake aliyeongea lugha ya mtaani. Kisangani ilimzaa Barly Baruti, ambaye ametoa vitabu Ulaya, na mwaka 2014 pamoja na Christophe Cassiau-Haurie akatoa Madame Livingstone, hadithi ya vita ya kwanza ya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, ambapo Wabelgiji na Wajerumani waliwindana majini kutoka upande wa Kalemie ya leo. Katika kitabu hicho Mkongo ndiye anayejua ziwa, na Mzungu ndiye anayejifunza. Mkono wa namna hiyo ungempa Spirou Afrika ambayo hajawahi kuiona kwa zaidi ya miaka 80. Dupuis ikitafuta namna ya kuomba msamaha zaidi ya karatasi, ina mlango wake wa 2006 ambao haujafungwa.

Huku Kivu, hata hivyo, vitabu vya Spirou ni vichache na bei yake si ya mtu anayesubiri msaada. Michoro ambayo watu wanaiona kila siku ni ile ya boîte à images, inayobebwa na wahamasishaji wa afya kutoka mlango hadi mlango: kipindupindu, Ebola, mpox, chanjo. Humo ndani kuna mhusika wa kudumu kuliko Spirou. Ni mama mhami, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, macho chini. Amechorwa na mikono mingi na bado hajabadilika, kwa kuwa mikono hiyo mara nyingi iko mbali na iko haraka. Hajawahi kuwa mshonaji. Hajawahi kuwa mwalimu aliyekimbia na chaki mfukoni. Hajawahi kumkaripia afisa wa orodha, jambo ambalo kila aliyefika kwenye mstari huo amelishuhudia.

Vijana wa kuchora hawakosekani mjini, wale wanaoandika vibao vya maduka na kupamba magari ya usafiri. Mashirika yanayochapisha vitabu vya uhamasishaji yanaweza kuwapa kazi hiyo, kwa malipo ya kweli, na kwanza kuwakalisha siku moja na akina mama wenyewe. Mchoraji aliyewahi kulinda nafasi kwenye mstari wa maji saa kumi na moja alfajiri anajua kwamba bidoni ya njano haibebwi kwa uso wa huzuni. Inakokotwa, inapigwa teke kidogo mbele, na mwenye nayo anaongea na jirani yake bila kugeuka.